Kinyozi na Gunia la Kabichi

Jumamosi moja asubuhi, kinyozi mmoja aliingia uani kwake akisukuma mkokoteni wa kuazima, na juu ya mkokoteni huo kulikuwa na gunia la kabichi lililonenepa kuliko yeye. Akaliteremsha kwa kishindo, akajifuta jasho, kisha akatangaza mbele ya mkewe, mama mkwe wake, watoto wake wawili na kuku wa jirani kwamba kuanzia siku ile maradhi na umaskini vimehama nyumba hiyo.

Aliyeitikia ni kuku peke yake.

Mtaani walimwita Vitamini. Jina hilo alilipata baada ya kwenda kliniki na kichwa kilichokuwa kikimgonga kama mlango wa mdaiwa. Nesi alimfunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akakijaza upepo, akatazama, akatazama tena, akamwambia kwamba damu yake inakimbia kama imeiba kitu. Apunguze mafuta. Apunguze chumvi. Vya kukaanga asivisogelee. Ale maharage, mboga na matunda, na jioni atembee kidogo. Basi, hayo tu.

Sasa, kuna watu wakipewa ushauri wanaufuata, na kuna wengine wanaugawa. Vitamini aliingia kliniki mgonjwa, akatoka daktari! Kwenye kibanda chake cha kunyolea, mteja alikuwa hajakaa vizuri kwenye kiti ameshaulizwa jana alikula nini. Na mtu ukishafungwa shuka shingoni, wembe uko kooni, utabishana na nani? Wengi waliapa kuacha nyama kwa kuuogopa wembe, si kwa kuzikubali hoja. Wahenga wanasema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Huyu bwana alikuwa akiwanyoa wenzake kutwa nzima, na kichwa chake mwenyewe hakikuwahi kuonja tone.

Nyumbani ndiko alikotia fora. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache, aliyezoea kuongea huku pini zikiwa mdomoni. Kila wiki alipokea pesa ya jikoni, pesa nyembamba kama uzi, akaishona ikawa chakula cha watu watano mpaka wiki iishe. Vitamini hakuuona huo ufundi. Alichokiona ni kwamba mboga zinanunuliwa kidogo kidogo, kwamba mafuta yanatumika, na kwamba chumvi ipo. Akasema pesa ile ile, ikishikwa na mtu mwenye elimu ya lishe, ingewalisha kama mabalozi na chenji ingebaki. Alisema hivyo Jumatatu, akarudia Jumanne, na ilipofika Ijumaa alisema mbele ya mama mkwe wake.

Mkewe akatoa pini mdomoni. Akaenda jikoni, akarudi na kapu, na ndani ya kapu akaweka pesa ya wiki nzima.

"Wiki hii utatulisha wewe, baba watoto," alisema.

Mama mkwe, mwanamke mwenye meno ya kuhesabika na macho yasiyopitwa na kitu, aliuliza kwa upole kama amesikia vizuri. Aliposikia kwamba amesikia vizuri, alimwombea mkwewe heri.

Basi ndiyo hiyo Jumamosi. Vitamini alifika sokoni akitembea kama waziri anayekagua gwaride. Akashika nyanya, akazinusa, akawaeleza akina mama wauzaji zina faida gani kwenye macho. Mmoja wao, aliyekuwa na shehena ya kabichi iliyoanza kunung'unika kwa joto, alimwona mtu wake. Akamwita daktari! Akamwambia daktari wa maana hanunui kabichi moja moja kama mtu asiyejua hesabu, ananunua gunia, kwa sababu ukiligawa gunia, kila kabichi inakuwa kama ya bure. Vitamini akapiga hesabu, akaona mama huyu ana akili. Pesa ilibaki kidogo sana, ikanunua ndimu. Mafuta? Adui. Chumvi? Sumu. Kwa hiyo, kwa mujibu wa hesabu zake, hakuna kilichokosekana.

Jumamosi wakala kabichi ya kuchemsha. Jumapili wakala kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba na kukamuliwa ndimu, mapishi ambayo Vitamini alisema yanasafisha damu. Asubuhi iliyofuata alisaga majani ya kabichi kwa maji, akawapa watoto wanywe kabla ya shule. Mtoto mkubwa alifunga macho akanywa. Mdogo alifunga macho na mdomo.

Kabichi, kama mnavyoijua, haipendi kukaa kimya tumboni. Siku hiyo darasani mwalimu aliuliza mara mbili ni nani anayeburuza dawati. Mama mkwe naye, Jumapili usiku, alitafuna jani moja tangu wenzake walipoanza kula mpaka vyombo vilipooshwa, kisha akalitoa mdomoni, akalikunjua, akalirudisha kwenye sahani likiwa zima.

"Mwanangu," akasema, "hili mtamalizia ninyi wenye meno."

Vitamini aliumia kidogo. Si mtu mbaya, tusimwonee. Alitaka kweli watoto wake wawe na afya, na aliogopa kweli, ingawa hakumwambia mtu, ile sura ya nesi alipotazama kipimo mara ya pili. Jumatatu hiyo akakubali moyoni kwamba kabichi inahitaji mwenzake, maharage au mayai. Pesa haikuwepo. Lakini alikuwa na mkono, na mkono ulikuwa na wembe. Akaamua atanyoa watu kwa malipo ya chakula.

Akaanza na muuza nyama, kwa kuwa yeye ndiye mwenye uwezo zaidi. Muuza nyama akavua kofia: kipara, kinang'aa kama sahani ya mgeni. Akaenda kwa muuza mayai. Huyo alikuwa na rasta zilizofika kiunoni, na alipoona wembe alizikusanya zote kifuani kama mama aliyeona mbwa. Muuza maharage alikuwa mwanamke aliyesuka juzi, na mumewe alikuwa na ndevu alizozilea kuliko watoto. Vitamini aliondoka pale na maneno mazuri na kiganja kitupu.

Njia ya kurudi kibandani ilipita kwa muuza viazi vya kukaanga. Hapo ndipo shetani alipokuwa amefungua tawi. Karai linachemka, viazi vinageuka rangi ya dhahabu, na pembeni ngozi za kuku zinalia kwa furaha. Miguu ya Vitamini ilitaka kwenda mbele, pua ikakataa, na tumbo likaunga mkono pua. Na muuza viazi mwenyewe? Kichwa kichaka, ndevu msitu! Alikuwa mtu wa kwanza siku ile aliyehitaji kinyozi kuliko hata kinyozi alivyohitaji chakula.

Wakakubaliana papo hapo. Vitamini alimnyoa kichwa siku hiyo, akala. Jumanne akamtengeneza ndevu, akala. Kwa bahati mbaya, au nzuri, muuza viazi alikuwa na ukoo mkubwa wenye nywele nyingi, na kila adhuhuri alileta ndugu mwingine. Vitamini alijiambia kwamba anamchunguza adui kwa karibu. Alimchunguza sahani moja, akaongeza ya pili kuhakikisha. Kisha alifuta midomo, akatafuna ndimu kuua harufu, akarudi kazini kuwahubiria wateja.

Jambo la ajabu ni kwamba nyumbani kelele zilikwisha. Kuanzia Jumanne watoto hawakulalamika tena. Walikuwa wachangamfu, jioni wanaonja vipande viwili vitatu vya kabichi kwa adabu na kwenda kucheza. Mama mkwe alikuwa akiimba. Vitamini alipoona ngozi za watoto zinang'aa, moyo wake ulijaa kama puto. Alimwambia kila mteja kwamba familia yake imebadilika kwa kabichi tupu, na kwa pesa ambayo wengine wanamalizia kwenye soda. Sifa zikatembea mpaka kliniki. Nesi, aliyekuwa na akina mama wengi wanaolia kwamba kula vizuri ni kwa matajiri, akamtumia ujumbe: aje Ijumaa na familia yake, awaeleze wenzake amefanyaje.

Ijumaa alivaa koti. Ukumbi wa kliniki ulikuwa umejaa, mabenchi yote na sakafu. Vitamini alizungumza, na kusema kweli alizungumza vizuri. Aliizungumzia kabichi mpaka ungedhani ni jamaa yake aliyesoma ng'ambo. Akina mama walitikisa vichwa kwa kukubali. Nesi akafurahi, akasema basi tuone wenyewe, akawapima watoto: wazima kabisa. Akampima mama mkwe: mzima kuliko nesi. Makofi yakapigwa. Vitamini akavua koti, akakunja mkono wa shati, akakaa kwenye kiti cha kupimwa kama mfalme anayesubiri taji.

Nesi akatazama kipimo. Akatazama tena. Akambadilisha mkono. Kisha akampandisha kwenye mizani.

Damu ilikuwa imepanda kuliko mara ya kwanza, na yeye mwenyewe alikuwa ameongezeka.

Vitamini akacheka, akasema mashine imechoka, imepima watu wengi tangu asubuhi. Huenda wangemwamini. Lakini kwenye foleni ya kufungwa majeraha, karibu na mlango, alikuwepo mtu aliyeungua kidole kwa mafuta, mtu aliyenyolewa vizuri sana.

"Kaka," akaita kwa furaha, "mbona leo hukupita? Sahani yako nimeifunika, na zile ngozi nimekuwekea nyingi. Mjomba pia yupo anakusubiri, nywele zimemzidi."

Vitamini alitafuta mahali pa kuangalia, akakuta kila mahali pana mtu. Na mtoto wake mdogo, aliyedhani sasa ni zamu ya kila mmoja kusema anachokula, akasema wao hula maharage na mayai baba akishaenda kazini.

Ikabidi mkewe asimame. Alieleza kwa kifupi, kana kwamba anasoma vipimo vya gauni. Jirani anafuga kuku na sungura, na ana shamba dogo la maharage. Sungura wanapenda kabichi. Basi tangu Jumatatu adhuhuri alikuwa akipeleka kabichi na kurudi na mayai na maharage, na yeye na mama yake wanapika mchana, na jioni wote wanakula kidogo cha baba watoto ili asijisikie vibaya. Akina mama wakamzunguka, wakamuuliza jirani huyo yuko wapi, na kama sungura wanakula majani ya karoti. Hakuna aliyemuuliza Vitamini kitu. Siku hiyo alinyolewa bila maji, mbele za watu, na wembe haukuwa wake.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mama mkwe na watoto walitangulia. Vitamini alibeba koti lake mkononi, akasubiri maneno, na maneno hayakuja. Mwisho akashindwa, akamwambia mkewe aseme tu lolote alilonalo.

Mkewe alihamishia lile kapu la jikoni mkono mwingine.

"Kula kwa siri sikukasirikii," alisema. "Hata mimi nilikula kwa siri. Lakini yule nesi alipobadilisha mkono, nilijiona mjane. Watoto hawa nikiwalea peke yangu, lawama za hiyo kabichi nitamtupia nani?"

Vitamini alifungua mdomo. Alikuwa na hotuba juu ya mishipa, na nyingine juu ya chumvi, na zote zilikuwa za kweli. Akaufunga. Akachukua kapu mkononi mwa mkewe akalibeba yeye, wakaenda hivyo hadi nyumbani, na jioni ile akala maharage aliyopikiwa, yenye chumvi kidogo, bila kuyaeleza.

Jumatatu mteja mmoja wa siku nyingi aliketi kwenye kiti, akafungwa shuka, akajiandaa kwa somo. Alingoja. Wembe ulipita upande wa kulia, ukapita wa kushoto, kimya. Mteja akaanza kuwa na wasiwasi. Akauliza mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwalimu kazi ya nyumbani, hivi viazi vya kukaanga vina madhara gani hasa mwilini.

Vitamini akapangusa wembe kwenye kitambaa, polepole.

"Inamisha kichwa," akasema.