Mtihani wa Mtasema

Jumatatu, 6 Mei

Ushindi! Au tuseme karibu ushindi. Niandike kwa utulivu.

Leo asubuhi Mwalimu, mwenye nyumba wetu, alituita uani, mimi na jirani yangu fundi cherehani. Mwalimu amestaafu siku nyingi lakini ua bado anaukagua kama darasa. Akasema amechoka na mbwa wawili. Mmoja akibweka wa pili anajibu, kisha wenyewe tunatoka kuwaita, na yeye aliyejilaza anasikia "Mtasema!" upande huu na "Tumesema!" upande ule, kama watu wanaosutana. Abaki mbwa mmoja.

Maelezo kidogo, ingawa shajara hii haisomwi na mtu. Mbwa wangu nilimwita Mtasema ili ujumbe uwafikie wanaonizungumza. Hasa fundi cherehani, aliyewatangazia wateja wake kwamba friji nikiitengeneza mimi, inapika. Ujumbe ulimfika. Haukupita muda naye akaleta mbwa, akamwita Tumesema.

Mwalimu akasema kwa haki aliyetangulia ndiye abaki. Yaani Mtasema wangu! Fundi cherehani akainamisha kichwa. Hapo mtu mwingine angesema ahsante na kuingia ndani. Mimi nikamtazama alivyojiinamia, nikaona haitoshi. Nilitaka ashindwe mbele za watu. Nikasema: Mwalimu, tusitazame nani katangulia, tutazame akili. Tuwatahini. Mwenye akili abaki, mjinga ahame.

Mwalimu kusikia neno mtihani, uso ukamng'aa. Jumapili alasiri, hapa uani, masomo matatu. Fundi cherehani akainua kichwa.

Mke wangu ni muuguzi, zamu ya jioni. Aliporudi nilimsimulia. Akavua viatu kimoja kimoja, kisha akauliza kama amesikia vizuri: nilishinda kesi, halafu nikaomba isikilizwe upya? Nikasema ndiyo. Akasema nimejipalia makaa. Hana imani huyu mwanamke.

Jumanne, 7 Mei

Masomo yametangazwa. La kwanza, mbwa anafunikwa kichwa kwa taulo. Mwenye akili hujifunua upesi. La pili, nyama inafichwa chini ya kikombe kimoja kati ya vitatu. La tatu, mbwa aitikie jina lake na asiitikie neno jingine. Mwalimu anasema ndivyo mbwa wanavyopimwa majumbani. Amesoma gazetini.

Nimeanza na taulo. Nilimfunika Mtasema. Akasimama. Nikangoja. Akakaa. Nikangoja. Akalala. Nikaogopa asije akakosa hewa, nikamfunua na kumpa kipande cha nyama cha kumliwaza. Tukarudia. Tukarudia tena. Kufika adhuhuri nilikuwa namfunua haraka kuliko mwanzo, na yeye anapokea nyama bila hata kuinua shingo. Maendeleo yapo.

Mteja alipita kuulizia friji yake. Nilimwambia kompresa inapumzika.

Jumatano, 8 Mei

Somo la majina. Nililifanyia karakanani, mlango nikaufunga, kwa sababu ya majasusi.

Gazeti la Mwalimu linasema umwite mbwa kwa neno lolote, lakini kwa sauti ileile tamu. Mjinga ataitika. Nikaita, "Kompresa!" Mtasema akaja mbio. Nikaita, "Raba ya mlango!" Akaja. Nikaita, "Fundi cherehani!" Akaja akitikisa mkia, nami nikaumia sana. Mwisho nikaita, "Mtasema!" Akaingia nyuma ya friji kubwa na kugoma kutoka.

Mke wangu anasema sababu iko wazi. Jina lake analisikia akitakiwa kuoga au akiwa amekosa. Siku za amani namwita "wewe".

Nikamuuliza yeye humwitaje. Akasema hamwiti kabisa. Kila akishuka basi pale kona, giza limeshaingia, anamkuta Mtasema amekaa anamngoja, wanarudi pamoja. Hakufundishwa na mtu. Akasema bila yule mbwa ile njia haipiti, hata umpe nini. Alilisema polepole, kama mtu anayetaka lisikike. Nikamwambia hilo si somo. Halimo kwenye mtihani.

Alhamisi, 9 Mei

Nimewaza usiku kucha. Matokeo: hila mbili, zote safi.

Ya kwanza ni kikohozi. Pua ya Mtasema ikifika kwenye kikombe chenye nyama, nakohoa. Leo tumejaribu kutwa nzima na hakukosea. Nikikohoa, anapiga kikombe kofi. Nisipokohoa, ananitazama usoni na kungoja. Akili ya ajabu! Tatizo ni koo langu, sasa linawasha kweli.

Ya pili ni maini. Mbwa aliyeshiba hatafuti nyama. Basi nitamshibisha Tumesema kwa siri tangu leo, hata Jumapili akiona nyama ageuze uso. Fundi cherehani alipokuwa akimpima mteja bega, nilipenyeza pande la ini kwenye tundu la uzio. Tumesema alilimeza bila kutafuna, akaniramba vidole. Mbwa mwenyewe si mbaya. Mwenye mbwa ndiye tatizo.

Ijumaa, 10 Mei

Mke wangu alitafuta maini ya chakula cha mchana hakuyaona. Akaniuliza. Nikasema pengine paka. Akasema hatuna paka. Nikasema ndiyo maana hatumwoni. Akanitolea macho, akakaanga mayai.

Fundi cherehani amemshonea Tumesema kizibao cha vipande vya kitambaa, chenye vifungo. Kizibao! Nilimuuliza kwa upole kama mtihani ni wa akili au wa harusi. Akanijibu kwa upole uleule kwamba mbwa wake anaweza kuvaa, wa kwangu hata kuvua taulo hawezi. Kwa hiyo ananichungulia! Nimeziba tundu la uzio. Kisha nikalizibua, maana ndimo yanamopita maini.

Jumamosi, 11 Mei

Kila kitu tayari. Tumesema akiniona tu anajilaza chali. Ameshiba kupita kiasi, nadhani. Fundi cherehani analalamika kwa kila mtu kwamba mbwa wake hali tena chakula cha nyumbani. Nilimpa pole. Nilijitahidi kutocheka, nikacheka baadaye karakanani, peke yangu, kwa muda mrefu.

Mke wangu alinipata nikicheka. Akasema bado kuna nafasi. Niende kwa Mwalimu, nimwambie niliropoka, mtihani wa nini, na aliyetangulia abaki kama ilivyosemwa. Nikamwambia jemadari harudi nyuma akiwa mlangoni pa adui. Akasema jemadari atoe taka, ni zamu yake.

Nimetoa taka.

Jumapili, 12 Mei

Naandika kwa kifupi.

Mwalimu alikaa kitini katikati ya ua na filimbi shingoni. Mke wangu alikuwa na mapumziko, akasimama mlangoni, mikono kifuani.

Taulo. Tumesema alifunikwa, na kabla Mwalimu hajaondoa mkono, taulo lilikuwa hewani na yeye yuko miguuni pangu, ananusa viganja. Mwalimu akasema hajapata kuona kasi hiyo. Akaja Mtasema. Akafunikwa. Akalala. Nilimtazama kwa macho makali kupitia taulo. Akaanza kukoroma. Mwalimu akauliza kama mbwa ni mgonjwa.

Vikombe. Nyama aliyoleta Mwalimu ilikuwa ini! Tumesema alikwenda moja kwa moja, kama mtu anayeingia chumbani kwake. Zamu ya Mtasema nikajiandaa kukohoa. Fundi cherehani akawahi. Tangu juzi anashona mablanketi, manyoya yamemjaa kooni, akakohoa mfululizo, na Mtasema akapiga kofi kikombe, akapiga cha pili, akapiga cha tatu, akaipiga kofi hata filimbi ya Mwalimu. Makohozi ya makusudi! Nina hakika.

Majina. Mwalimu alianza na hotuba, kama kawaida yake. Akasema, sitaki maneno baadaye, maana najua mtasema nimependelea. Mtasema akainuka, akaenda kukaa mbele yake. Akarudishwa. Mwalimu akaendelea: hata mkitoka nje ya geti mtasema mengi. Mtasema akaenda tena. Akarudishwa. Mwalimu akasema, jamani, sijamwita, nimesema tu mtasema. Akaenda tena. Mwalimu alipomwita kweli, kwa sauti na heshima zote, Mtasema alimtazama tu, kama mtu aliyeitwa bure mara kadhaa, akajilaza.

Fundi cherehani akamwita Tumesema. Tumesema akaja kwangu.

Fundi cherehani akaita tena, na safari hii sauti ilikuwa imepungua. Tumesema alikuwa amekalia mguu wangu.

Mwalimu akatoa matokeo. Masomo mawili kwa Tumesema, la mwisho hakuna aliyefaulu. Tumesema abaki, Mtasema ahame. Kisha akaishika mikono yangu, akainusa, akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema sina.

Ndani, mke wangu hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema neno moja tu: nenda ukamwambie ukweli. Ulimlisha mbwa wa mwenzio, ulipanga kukohoa. Mtihani wenye udanganyifu hufutwa, na Mwalimu anajua hilo kuliko yeyote. Ukifutwa, tunarudi palepale: aliyetangulia abaki. Atakusema, utainamisha kichwa, basi, yameisha.

Nimelitafakari. Ni rahisi mno. Lazima kuna mtego.

Jumatatu, 13 Mei

Mtasema amehama. Amehamia kwa shemeji yangu, dada yake mke wangu. Mke wangu amehama naye.

Alifunga begi bila haraka. Akasema hakasiriki, ila ile njia ya kona hawezi kuipita peke yake, na kwa dada yake hospitali si mbali na mbwa anaruhusiwa. Siku nitakayozungumza na Mwalimu nimpigie. Nikamuuliza, na chakula? Akasema vifuniko vya masufuria havina kufuli, vinahitaji mkono tu.

Niliwatazama hadi mwisho wa barabara. Mtasema alitangulia, akasimama, akamngoja, akatangulia tena. Mimi hakunigeukia. Nimesikitika. Naandika waziwazi, nimesikitika. Nyumba imekuwa kubwa ghafla na taulo liko palepale chini.

Jioni nilikaanga mayai. Yameungua. Jiko lina hitilafu.

Jumatano, 15 Mei

Siku ya maana sana.

Asubuhi Mwalimu aligonga mlango. Akasema kelele hazijapungua, zimehama tu: Tumesema analilia mlango wangu kutwa, na akilala, analala kwenye kizingiti changu. Akasema amefundisha watoto wa kila aina na anamjua mtu mwenye jambo moyoni. Akavuta kiti. Akasema ana nafasi hadi jioni, nimwambie chochote, yeye si mtu wa kushika kinyongo.

Nikasema hali ya hewa imekuwa nzuri.

Hajaondoka, akaingia fundi cherehani. Macho mekundu. Ameshika kile kizibao. Akasema, jirani, mbwa wangu amenikana na sijui nimemkosea nini, hata akiitwa haji. Kama kuna neno, liseme tu. Sitagombana. Mimi namtaka mbwa wangu, wewe unamtaka wa kwako. Wakanitazama wote wawili, wakangoja. Hata Tumesema alikuwa ananitazama.

Hapo nikaelewa. Wamekula njama! Wanataka nikiri kwa kinywa changu, Jumapili nzima iwe kicheko mtaani. Nilisimama, nikajipiga kifua, nikaomba mtihani wa marudio, mwisho wa mwezi. Mwalimu alifumba macho kwa muda. Fundi cherehani akakikunja kizibao, akakiacha mezani, akatoka.

Hawakukataa! Na mpango huu hauna kasoro. Kwa kuwa Mtasema hawezi kupanda, basi Tumesema atashuka. Nimeshaanza. Nimemfunika taulo, na kila akitulia nampa ini. Alijifunua mwanzoni, sasa ametulia kabisa. Kufika mwisho wa mwezi hakutakuwa na mbwa mjinga kumzidi katika ua huu.

Mke wangu alipiga simu. Nilifurahi kusikia sauti yake hadi nikakosa pa kuanzia. Nyuma yake nilimsikia Mtasema akibweka, nikamsalimu pia. Akauliza swali moja tu, kama nimeshamwambia Mwalimu. Nikamwambia nimefanya bora kuliko hilo, nikamweleza taulo, maini, marudio, kila kitu, hatua kwa hatua. Simu ikakatika. Mtandao siku hizi ni mbovu sana. Nitamweleza vizuri Tumesema akishafeli.