Silinda Nne kwa Sasa

Jumamosi, 4 Mei
Idhini imepatikana. Baada ya miezi mitano ya hoja zilizopangwa kwa uangalifu, mke wangu amekubali tuliuze gari la familia tuchukue gari la kukunja paa. Sharti ni moja. Kila Alhamisi, saa tatu asubuhi, mama yake awe kliniki kukunjwa na kunyooshwa goti lililofanyiwa upasuaji. Daktari amesema wakiruka zoezi goti litakaza, na likishakaza mama atatembea na fimbo maisha yake yote. Nikatoa neno langu. Mke wangu akajibu kwamba maneno yangu anayo ya kutosha, anachotaka ni mama afike.

Mchana, yadi ya magari yaliyotumika. Mawili ya aina moja, viti vinne, paa la turubai. La kijivu lina silinda sita, rangi imebabuka, turubai limepauka. Jekundu lina silinda nne na linang'aa kama tunda lililooshwa. Kwa ustaarabu tu, nilikuwa nimempigia muuzaji simu aziwashe injini zote mbili zipate moto, fundi wangu asipotezewe muda. Fundi akaweka kiganja juu ya boneti. Akauliza nani kafanya hivi. Nikajitambulisha.

Akanieleza polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya dawa, kwamba injini husikilizwa ikiwashwa ikiwa baridi. Ikishapata moto huficha maradhi yake. Akaomba turudi Jumatatu. Muuzaji akasema hawezi kuahidi kwamba jekundu litakuwepo Jumatatu. Muungwana sana, kunitahadharisha mapema.

Nimechukua jekundu. Silinda nne kwa sasa, sita baadaye. Rangi kila mtu anaiona. Injini iko ndani, na jambo la ndani halina haraka.

Jumapili, 5 Mei
Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Nimeegesha mbele ya dirisha, paa chini. Mama mkwe akalitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Baba, mlango wa nyuma uko wapi?" Nikamweleza kwamba yeye atakaa mbele kama malkia, na binti yake atapita nyuma kwa kuinama kidogo. Mke wangu akasema ameinama vya kutosha katika ndoa hii.

Shemeji naye alikuwepo. Ni kaka wa mke wangu, mpima ardhi, mtu asiyeweza kuketi kitini bila kukitingisha kwanza. Ili kuchangamsha meza nikawaigizia fundi: sauti yake nzito, vidole vyake vyenye grisi. Kwamba eti mtu mwenye nia ya kulifanyia gari marekebisho baadaye anunue kwanza injini anayoitaka, hata ikiwa ndani ya gari baya. Rangi, viti, paa na magurudumu hubadilishwa popote, lakini injini kubwa huja na giaboksi yake, breki zake, rejeta yake na nyaya zake. Wakacheka wote isipokuwa shemeji. Yeye akaniuliza yadi iko mtaa gani. Nikamwelekeza. Sikuona ubaya.

Jumatatu, 6 Mei
Asubuhi, baridi. Nikawasha gari mbele ya majirani watatu. Moshi wa bluu ukajaza ua. Injini ikagonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Jirani wa ghorofa ya chini akaja na ndoo ya maji na ikabidi nimzuie kwa mikono miwili.

Fundi amekuja, amesikiliza, hakusema alichokuwa na haki ya kusema. Anasema injini inakula oili. Itafika kliniki, mradi niende taratibu na nibebe kopo la akiba. Tuiache hivyo Alhamisi ipite, halafu tukae tufikiri.

Nimekwisha kufikiri. Baadaye imefika. Mtu aliyepewa sababu ya kuchukua silinda sita hasubiri apewe ya pili. Nimepata injini kwa mbomoaji wa magari, mtu mwenye heshima zake, ambaye ataniachia kwa nyongeza ndogo nikimpa ile ya zamani. Ameniapia kwamba ilitoka kwenye gari lililogongwa nyuma tu.

Jioni shemeji amepita kutusalimu. Kanunua la kijivu. Kalisikiliza leo alfajiri, likiwa baridi, akiwa na fundi. Fundi wangu. Nikampa pongezi zenye sentensi ndefu, nikamwuliza kama rangi ile ni ya kudumu au ni ugonjwa. Akasema, "Shemeji, mimi nikiendesha siioni rangi."

Jumanne, 7 Mei
Injini ya zamani imetoka saa nne asubuhi. Mbomoaji kaipakia akaondoka nayo. Fundi aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Mara ya tatu nilimjibu kwa aya nzima.

Katika ofisi ya walimu nimewatangazia kwamba mimi, makamu mkuu wa shule yao, ninahamia silinda sita. Mwalimu wa hesabu akauliza kwa nini sikununua yenye sita tangu mwanzo. Nikamwambia huo ni mtazamo wa mtu anayeanzia kwenye jibu.

Mke wangu ameuliza gari liko wapi. Linaandaliwa, nikasema. Akauliza tena kuhusu Alhamisi. Nikasema Alhamisi haina shaka. Katika sentensi hizo mbili, moja ni kweli.

Jumatano, 8 Mei
Haiingii.

Ni ndefu. Imekaa nusu ndani, nusu ikiegemea mahali pa rejeta. Mdomo wa giaboksi haukutani nayo. Fundi anasema patahitajika giaboksi nyingine, na breki, kwa kuwa zilizopo ziliumbwa kuzuia kitu chepesi. Nyaya zimebaki kumi na moja ambazo hazina pa kwenda. Akaweka kikombe chake cha chai juu ya injini na kikakaa vizuri, jambo lililokuwa faida pekee ya siku.

Nikaagiza tuirudishe ya zamani. Nikampigia mbomoaji. Amekwisha kuibomoa, ndiyo kazi yake, akaniuliza nilidhani anaitwa mbomoaji kwa nini.

Sikumwambia mke wangu. Si kwa woga. Taarifa isiyo na suluhisho humsumbua msikilizaji bure. Suluhisho ninalo: gari la shule litamchukua mama mkwe saa mbili na nusu.

Alhamisi, 9 Mei
Gari la shule liliondoka saa moja na wanafunzi wa jiografia kwenda kutazama bwawa. Kibali kina sahihi yangu. Sahihi nzuri, inasomeka vizuri.

Saa mbili na dakika arobaini mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya mlango wake, mkoba magotini, mguu mbovu umenyooshwa mbele. Mke wangu alikuwa ameegemea ukuta kando yake. Nilifika kwa miguu. Nikaanza kueleza muktadha. Mke wangu akainua kiganja, akampigia kaka yake.

Shemeji akaja na la kijivu, paa chini. Mama mkwe akakalishwa mbele. Akaniambia, "Usijali, baba, upepo nao ni dawa," akapunga mkono. Mlio wa silinda sita ulipanda kilima cha kliniki bila kubadilika hata kidogo. Niliusikia mpaka mwisho.

Walifika wakiwa wamechelewa dakika ishirini. Mtaalamu wa mazoezi akawapokea kwa kuwa mgonjwa mwingine hakutokea. Goti limekunjika zaidi ya wiki iliyopita. Mke wangu kaniarifu hayo kwa simu, kwa utulivu, kisha akaniarifu kwamba hatarudi nyumbani kwanza. Atakaa kwa mama hadi mazoezi yaishe, wiki sita, na kazi ya kumpeleka kliniki si yangu tena. Nilimwuliza kama amekasirika. Akasema hapana, amechoka, na nisichanganye.

Jumapili, 12 Mei
Nimetafakari siku tatu, na nimeliona kosa. Nilinunua injini peke yake. Injini inapaswa kununuliwa pamoja na vyote vinavyoizunguka.

Na nimelipata la kununua. Gari la familia, silinda sita, milango minne, kiti cha nyuma kipana ambacho mtu mzima anaweza kunyoosha mguu wote. Halitoi moshi. Linawaka kwa mguso mmoja. Giaboksi, breki, rejeta, nyaya, vyote vimo. Tutalibomoa Jumamosi na kuvihamishia vyote kwenye jekundu.

Fundi ameniuliza kama gari hilo linatembea. Linatembea vizuri mno, nikasema. Akauliza kwa nini basi nisimpakie mama mkwe humo humo, nikamrudisha mke wangu nyumbani.

Ni fundi hodari, lakini hana upeo. Nimemwomba aje na mnyororo wa kunyanyulia. Sebule iko tupu kwa wiki tano na nusu, na giaboksi mbili zitaenea bila kusogeza sofa.