Masikio ya Shaukat na Mtungi wa Gesi

Katika Shubra nzima, na pengine Kairo nzima ukijumlisha na vitongoji vyake, hakukuwa na masikio kama ya Shaukat. Hayo si maneno yangu, ni yake mwenyewe. Alimwambia kinyozi, akamwambia muuza juisi ya miwa, na siku moja alimwambia hata daktari wa masikio aliyekuwa akimtoa nta.

Shaukat alikuwa mtu wa muziki mpya. Si ule wa harusini na kwenye teksi, la hasha! Yeye alitaka vikundi vya vijana wanaojirekodia vyumbani mwao, visivyo na kampuni wala tangazo, vyenye mashabiki wasiozidi kumi. Kikundi kikipata shabiki wa kumi na moja, Shaukat alijitoa. "Hao wameshakuwa wa harusini," alisema kwa huzuni, kisha akaenda kutafuta wengine.

Na muziki wa namna hiyo, kwa maoni yake, hausikilizwi kwa simu. Kwa hiyo aliuza gari, akanunua mitambo. Amplifaya yenye taa za kioo, ambazo zilitaka nusu saa nzima kupata moto kabla hazijakubali kufanya kazi. Spika mbili zenye kimo cha askari wa trafiki. Waya za fedha ambazo zilikuwa mwiko kugusa sakafu, eti zikigusa sakafu besi inashikwa na mafua. Zililazwa juu ya vijigogo vya mbao, na wageni walizivuka kwa kunyanyua miguu kama watu wanaovuka mtaro.

Ili mitambo ipate nafasi, viti vya dhahabu vya sebuleni vilihamishwa. Hivyo ni viti ambavyo mama yake, Bi Inshirah, alivilinda miaka thelathini asivikalie mtu. Vyote kumi na viwili vikaingizwa chumbani kwake, akawa analala katikati ya viti kama mwenyekiti wa mkutano ambao wajumbe hawajafika. Yeye muziki wake ulikuwa redio kaseti ya jikoni, iliyofungwa kwa mpira ili mfuniko usianguke. Shaukat akipita karibu nayo alijiziba masikio.

Sasa ikatokea kwamba Ustadhi Bahgat, mwenye mgahawa wa pale kona, anatafuta mtu wa kuchagua vikundi vipya vya kupiga kila Alhamisi jioni. Mtu huyo angepewa kiti mbele kabisa, karibu na jukwaa, na jina lake lingeandikwa kwenye ubao wa mlangoni. Shaukat alikitaka kiti kile mpaka akakosa hamu ya kula. Miaka sita alikuwa akigundua vikundi sebuleni kwake, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwona akigundua. Jambo hilo lilimuuma kweli.

Akamwalika Bahgat nyumbani Ijumaa, baada ya sala.

"Mwanangu, gesi imekata," alisema Bi Inshirah asubuhi hiyo. "Muuza gesi leo siku ya nne hajapita. Sungura ameiva nusu, na mlenda sijauweka."

"Mama, leo usinitajie sungura. Na hata kijiko kisilie jikoni, tafadhali. Leo ndiyo siku yangu."

Bahgat akaja na msichana mfupi mwenye miwani. "Huyu ni Yumna, binti wa dada yangu," alisema. "Ana wimbo wa kikundi kipya kwenye flashi. Nataka utuambie wewe unauonaje."

"Kinaitwaje?" Shaukat aliuliza.

"Ghorofa ya Saba Bila Lifti," alisema Yumna.

Shaukat hakuwahi kulisikia jina hilo tangu azaliwe. Lakini kiti cha mbele kilimpitia machoni, na ulimi ukamtangulia.

"Aaa, hao! Hao watoto wangu. Nimewasikiliza tangu wao wenyewe hawajajua kuwa ni kikundi."

"Kweli?" Yumna akauliza.

"Mwimbaji wao ni jimama refu la Aleksandria. Sauti nzito, hasira karibu. Tumeshakunywa naye chai mara mbili."

Yumna akatazama viatu vyake. "Chai ya nini?"

"Ya mnanaa."

"Basi lazima alikuwa yeye," alisema Yumna.

Ilikuwa Julai, na zile taa za amplifaya ziliigeuza sebule kuwa tanuri la mkate. Feni ilipigwa marufuku kwa sababu ya mvumo wake, hivyo mlango wa roshani uliachwa wazi. Shaukat akachomeka flashi, akainua kidole kuwanyamazisha watu ambao hawakuwa wanasema chochote, akafumba macho.

Udi ukalia mara moja, mbali. Kimya. Ukalia tena.

"Mnaisikia hewa iliyo kati ya nyuzi?" alinong'ona Shaukat. "Kwa mitambo ya kawaida hewa hiyo huipati."

Teng-teng. Teng-teng-teng.

Shaukat akafumbua jicho moja. Hakuna mtu wa Shubra asiyeijua sauti hiyo: spana juu ya mtungi, muuza gesi anapita. Siku nne hakuonekana, na leo anachagua dakika hii! Akavumilia. Teng-teng-teng. Akatabasamu kwa wageni, tabasamu la mtu aliyekanyagwa kidole. Teng-teng. Uvumilivu ukaisha. Akauacha wimbo unaendelea, akazivuka waya za fedha, akatoka roshani.

"Wewe muuza gesi!" alipaza sauti. "Peleka mitungi yako mtaa mwingine! Humu ndani kuna kazi ya wasanii! Huna masikio wewe?"

Chini barabarani kulikuwa na paka mmoja, na Zaghlul mpiga pasi, aliyekuwa amesimama mlangoni pa duka lake.

"Unamtukana nani, ustadhi?" aliuliza Zaghlul. "Hapa hakuna mtu."

Teng-teng-teng.

Spika za Shaukat zilikuwa nzuri, haki yake tumpe. Zilisikika mpaka ng'ambo. Bi Daulat wa ghorofa ya pili alikuwa ameshauburuta mtungi wake hadi chini, ngazi baada ya ngazi. Kutoka ghorofa ya nne kikapu kilikuwa kinateremka kwa kamba, kimebeba noti na kikaratasi cha jina. Wanaume watatu wakatokea wamebeba mitungi mabegani, wakatazama kushoto, wakatazama kulia.

"Yuko uchochoro wa nyuma!" alisema mmoja, na wote wakakimbilia uchochoroni.

"Mkimpata mwambieni anyamaze!" Shaukat aliwapazia sauti. "Anaharibu wimbo!"

Teng.

Hiyo ilitoka nyuma yake. Shaukat akageuka polepole. Haikutoka barabarani wala uchochoroni, ilitoka kwenye spika ya kushoto.

"Kaka Shaukat," alisema Yumna kwa upole, "hiyo ndiyo ngoma yenyewe."

Hapo Bi Inshirah akatokea jikoni akiburuta mtungi mtupu. Akafika mlangoni pa sebule, akasimama. Akainamisha kichwa upande, akasikiliza.

"Huyu si muuza gesi," alisema.

"Umejuaje, mama?" Bahgat aliuliza.

"Muuza gesi anagonga mtungi uliojaa. Sauti yake fupi, imeshiba. Huyu anagonga mtungi mtupu, ndiyo maana unalia muda mrefu. Na hana spana. Hicho ni kijiko. Kile kirefu cha kuchotea maharage." Akasikiliza tena kidogo. "Tena amechoka. Hapa mwishoni mkono umelegea. Lakini anajua anachofanya, Mungu ampe afya."

Yumna alikuwa amevua miwani. "Tulikosa spana," alisema. "Tukachukua kijiko cha maharage cha mama yangu. Tulirekodi mara kumi na nne, hiyo ndiyo ya mwisho."

"Mlirekodi nani na nani?" Shaukat aliuliza.

"Mimi na kaka yangu. Mimi ndiye mwimbaji." Akavaa miwani yake. "Lile jimama la Aleksandria."

"Na kaka yako ndiye anayepiga mtungi?" Bahgat akauliza.

"Huo tu, mjomba. Mtungi mwingine hapigi."

Bahgat akacheka mpaka akaegemea spika ya kulia, jambo ambalo halikuwahi kuruhusiwa. Shaukat hakumkataza. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona kile kiti kinaondoka.

"Masikio haya umeyapata wapi, mama?" Bahgat alimuuliza Bi Inshirah.

"Jikoni. Miaka arobaini nangoja gesi dirishani. Ukikosea sauti, watu wanakula sungura mbichi."

"Basi njoo Alhamisi utuchagulie vikundi. Kiti cha mbele ni chako."

Bi Inshirah akafikiri. "Nitakuja," alisema. "Ila kiti nitakuja na changu."

Tangu hapo, kila Alhamisi jioni, Shubra huona kiti cha dhahabu kikitembea barabarani, na chini yake miguu ya Shaukat. Kwenye ubao wa mlangoni limeandikwa jina la Bi Inshirah. Shaukat hukaa nyuma, kwenye kigoda. Wiki tatu za mwanzo hakusema neno, na watu wakaanza kuamini kwamba amejifunza.

Alhamisi ya nne ilikuwa zamu ya Ghorofa ya Saba Bila Lifti. Mgahawa ulijaa, watu wakatulia.

Teng-teng. Teng-teng-teng.

Shaukat akaruka kutoka kwenye kigoda, macho kayafumba, mikono juu. Safari hii hapitwi!

"Allah! Hiyo ndiyo ngoma, jamani! Sikilizeni hicho kijiko! Mtungi mtupu huo, mtupu kabisa!"

Mgahawa mzima ukamgeukia. Jukwaani, Yumna alikuwa bado anafungua mfuko wa udi, na kaka yake alikuwa anatafuta pa kuweka mtungi.

"Mwanangu," alisema Bi Inshirah bila kugeuza shingo, "umejaa huo. Kimbia nyumbani kachukue wetu kabla muuza gesi hajakata kona."