Malalamiko Dhidi ya Protini Iliyohamia Chumba Changu cha Kushonea

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Utafiti wa Mimea, na shemeji yangu,

(Nakuita shemeji kwa sababu mke wangu, mtafiti wako wa maharage, hukuita kaka. Undugu ni kufaana, nami leo naomba unifae.)

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba cherehani yangu imenyamaza. Haikuugua wala haikuvunjika. Ilikuwa inashona gauni la bibi harusi, mkono wa kushoto, ikaamriwa inyamaze, ikanyamaza. Imeacha mkasi mmoja, pasi moja, na mimi.

Chanzo cha msiba huu ni protini. Siyo ile ya kwenye sahani. Hiyo sina ugomvi nayo. Ninayoilalamikia huishi ndani ya mmea wa maharage, na kazi yake ni kuamsha jeni jua linapokuwa kali: "Amkeni, fungeni matundu ya majani, maji yanaisha!" Mke wangu anatafuta umbo lake ili siku moja maharage yavumilie ukame. Mpaka hapo sina neno. Lakini tangu mlipoweka ile pampu ya maji ubavuni mwa maabara yake, kila kitu mle kinatetemeka, na chumba pekee anachokijua kisichotikisika wala kupata jua ni changu. Basi akaja na visahani vyake vya plastiki, vyenye matone ya hiyo protini, akavipanga juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Mimi namwita Mgeni. Malalamiko yangu dhidi yake ni haya:

1. Mgeni hataki kelele. Cherehani ikitikisa meza, meza inatikisa tone, na tone likitikisika, nasikia, fuwele zinakataa kutokea. Wewe fuwele unazijua. Mimi nilielezwa wakati wa chai. Ni protini nyingi zilizojipanga safu kwa safu, kama watu wanaopigwa picha ya pamoja, ndipo eksirei iweze kuonyesha umbo la mmoja wao. Hawa wa kwetu kila mmoja anatazama kwake. Kiumbe anayeamrisha mmea mzima, kupanga foleni hawezi!

2. Mgeni ameingilia fani yangu. Mke wangu aliniambia, tena kwa furaha, kwamba protini hizi hutembea mbili mbili: upande mmoja zimeshikana kama meno ya zipu, upande wa pili zimetanua miguu zikaupanda uzi wa vinasaba kama mtu juu ya baiskeli. Shemeji, nimeshona zipu tangu sijaota ndevu. Zipu huenda kwenye suruali. Nani aliyeishona ndani ya haragwe, na kwa kibali cha nani?

3. Mama mkwe alikuja kututembelea. Ni mtu wa afya njema, na hatua zake pia ni za afya njema. Binti yake wa kumzaa akamvua viatu mlangoni na kumwambia, "Mama, tembea kama unamwibia mtu." Mama mkwe akanigeukia mimi. "Mkwe, mmeficha nini humo ndani?" Nikamjibu: protini. "Basi si mpike?" Sasa ukoo wote unajua kwamba wageni wakija, mimi huficha nyama.

4. Mgeni ana kipimajoto chake. Mimi juzijuzi nililala na mafua, mke wangu akanipita kama godoro kuukuu, akaenda kumjulia hali Mgeni. Nikapiga chafya. Akatoka mbio, nikajua sasa zamu yangu imefika. "Baba Watoto, chafya ni nje!"

5. Mama wa bibi harusi huja kuulizia gauni, nami sina budi kumjibu kwa kunong'ona. Jana alinishika mkono, akanong'ona naye: "Pole, fundi. Umefiwa na nani?"

Kwa hiyo natoa ombi. Nasikia umemwandikia mke wangu kwamba fuwele zisipoonekana kufikia Ijumaa, mradi utafungwa na maabara yake itapewa watu wa mbolea. Naunga mkono. Ndiyo, ameifanya kazi hii tangu mtoto wetu wa mwisho anatambaa, na sasa mtoto huyo anabishana nami. Na iishe! Mbolea haina zipu. Naomba pia Mgeni aandikiwe barua ya kuachishwa kazi, nakala kwangu, niisome kwa sauti mbele ya cherehani.

Wasalimie nyumbani kwako, wasalimie watu wa mbolea, na msalimie mlinzi wa getini ambaye huniita Bwana Daktari kwa sababu ya mke wangu.

Wako mtiifu katika ukimya,
Fundi wa nguo, mume wa mtafiti wako

Nyongeza: Shemeji, usifunge mradi.

Barua hii niliiandika juzi, nikaitia mfukoni niilete. Kabla ya kutoka, mke wangu akiwa sokoni, nikaona nimtazame Mgeni ana kwa ana, nimpe maneno yake. Nikainua kifuniko cha kisahani. Mlikuwa na maji tu. Nikaelewa kwamba kila siku mke wangu huinamia maji matupu, kisha huinuka akitabasamu ili mimi nisiuone uchungu wake. Nikiwa nimekiinamia kisahani vilevile kama yeye, unyuzi wa pamba wa gauni la bibi harusi ukadondoka kutoka mkono wa shati langu, ukaingia kwenye tone. Nikajaribu kuutoa kwa sindano, ukazama zaidi. Nikafunika, nikanyamaza.

Leo asubuhi nikasikia, "Baba Watoto, njoo! Nani kafungua hiki?" Nikaungama palepale, shati, sindano, kila kitu. Hata hakunisikiliza. Akanisukuma kichwa mpaka jicho likafika kwenye hadubini. Juu ya ule unyuzi fuwele zimejipanga, zinang'aa, kama shanga kwenye pindo. Matone mengine yote bado maji. Anasema wakati mwingine protini huhitaji kitu cha kushikilia ndipo zianze kujipanga. Alilia, akacheka, akanipiga bega. "Ukigusa tena nakukata mkono," akasema, kisha akaniomba nyuzi zaidi.

Bado hajui kama zitatoa picha nzuri, kwanza zikue. Ijumaa atakuletea, kwa miguu, kazikumbatia kifuani. Tafadhali zima pampu, na usibamize mlango.

Gauni limechelewa. Mama wa bibi harusi nimemweleza ukweli wote, akaniambia nipumzike. Cherehani bado imenyamaza, ila safari hii nimeinyamazisha mwenyewe.