Ombi la Kukatiwa Mipaka Nyumba Yangu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Tume ya Mipaka ya Uchaguzi,

Pokea salamu na pongezi zangu. Mimi ni mwandishi wa habari mstaafu. Nimekesha kwenye vyumba vya kuhesabia kura tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nikadhani nimeona yote. Mwezi uliopita ukanionyesha jipya: chama cha Ndoo kilipata kura nyingi, chama cha Mwavuli kikapata halmashauri. Hakuna sanduku lililoibwa wala karani aliyehongwa. Ni kalamu na ramani tu. Nakuvulia kofia.

Kwa heshima hiyo naomba huduma kama ile ifike nyumbani kwangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyumba yetu ina chumba cha mbele kinachotazama barabara. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, hushonea humo sare za shule. Mimi nakitaka kiwe ofisi, niandike kumbukumbu zangu. Tulikubaliana kupiga kura, watu wazima wote tisa, kwa vikaratasi ndani ya sufuria. Nikashindwa, tano kwa nne. Mama mkwe alitangaza matokeo huku akijifuta machozi ya kicheko: “Mkwe wangu, beba kiti chako ukaandikie uani. Kuku watakusoma.”

2. Kosa langu lilikuwa kuacha watu wahesabiwe mmoja mmoja, kama viazi. Ninyi hamkufanya ushamba huo pale sokoni. Wauza samaki mmewaunganisha na wenye maghorofa wa mlimani. Wauza mboga, walio ng’ambo ya mtaro tu, mmewavuta hadi kambi ya polisi, kata yao ikanyooka kama mpira wa suruali kuukuu. Wote huchota maji bomba moja, nalo limekauka. Wakilalamika, kila diwani anawaambia bomba liko kwa mwenzake. Huo ndio utawala bora.

3. Nimejaribu kuchora mwenyewe. Nyumba iwe na kata tatu, kila moja watu watatu, usawa mtupu. Kata ya Jikoni: mke wangu, mama yake na binti yetu mkubwa. Watashinda tatu bila, wapige vigelegele mpaka sauti ziwakauke. Kata ya Sebuleni: mimi, shemeji yangu (nimemwahidi redio) na binti wa pili. Kata ya Barazani: wanangu wawili wa kiume, wanaoniunga mkono, pamoja na shangazi yao, asiyeniunga mkono tangu utotoni. Hesabu mwenyewe, Mheshimiwa: mwenye kura nne anachukua kata mbili.

4. Ugumu uko kwenye ardhi yenyewe. Dada yangu huyo analala chumba cha nyuma, ubavuni mwa jiko. Ili awe mkazi wa Barazani, mpaka lazima upite chini ya kitanda chake, uzunguke choo, kisha utokee dirishani. Mke wangu aliuliza, “Baba nanihii, mpaka gani huo unaoruka dirisha kama mwizi?” Nilimjibu akatazame ramani ya soko.

5. Binti akiolewa, au mgeni akihamia, mipaka ichorwe upya kabla kura hazijapigwa. Kazi hiyo ifanywe na Tume Huru, yaani mimi.

6. Mke wangu anasema chumba kile ndicho kinachotulisha, na cherehani zikiondolewa kabla shule hazijafunguliwa, wateja watahama na hawatarudi. Ni hoja nzito, sikatai. Lakini hata akina mama wa sokoni walikuwa na hoja nzito. Hoja haina kata.

Nisalimie makamishna wote, mchora ramani, na familia zao popote mlipozipanga.

Ni mimi mpiga kura wako, hapo ulipoamua niwe,

Mwandishi Mstaafu,
Kata ya Sebuleni (inayopendekezwa)

Baada ya kutia saini: Nilipokwenda kutafuta bahasha, mke wangu aliisoma barua hii. Hakugomba. Alichukua chaki yake ya kukatia vitambaa akachora sakafu nzima. Shemeji na wanangu amewajaza Barazani, wameshinda tatu bila na wanashangilia, wajinga wale. Sebule amewapa mabinti na shangazi yao. Mimi nimo Jikoni, pamoja na yeye na mama yake. Tumerudia kura, nimeshindwa kata mbili kwa moja, na maneno haya nayaandikia uani. Kuku wananisoma.

Sasa naiona ile tano kwa nne ilikuwa heshima. Kwa hiyo, Mheshimiwa, usinitumie mchora ramani. Nitumie mtu anayejua kuhesabu watu mmoja mmoja. Mke wangu anasema usijisumbue: mngekuwa na mtu huyo, soko lingekuwa na maji.