Kirusi Kilichobadilisha Shati

Jumatatu, 1 Machi 2004
Mwantum alipika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Nilisahau kutafuna nikimtazama. Mwezi mmoja wa ndoa, na bado nashangaa kwamba akifungua mlango anaingia kwangu.

Ila balaa. Ugonjwa wa kutapika na kuharisha umeingia uani kwetu, Nyakabiga. Jirani yetu Atumani, fundi wa magari, yuko kitandani. Mama mkwe ametuma habari kutoka Kinanira: Jumatano anamchukua binti yake mpaka ugonjwa upite. Mke wangu! Nitalalaje?

Nina mpango. Ugonjwa huu niliuugua Desemba. Surua haimpati mtu mara mbili, tulisoma sekondari, basi na huu hautanirudia. Nitamwonyesha mama mkwe kwamba nyumba hii ina ngao, na ngao ni mimi.

Jumatano, 3 Machi
Mama mkwe alifika. Nilichukua kikombe cha Atumani, nikanywa chai aliyobakiza, mama akiona. Atumani akauliza dirishani kama ndoa imeniharibu kichwa. Mama akajibu apana, mukwe wake alizaliwa hivyo, harusi imemfunua tu. Lakini akakubali kungoja: nikiwa mzima Ijumaa, Mwantum anabaki. Mwantum alicheka ndani ya mtandio. Kwa kicheko kile ningekunywa birika zima.

Ijumaa, 5 Machi
Nilikuwa mzima hadi mama mkwe alipovua viatu mlangoni. Nikavitapikia. Viatu vya mkwe, ambaye hata kula mbele yake naona haya!

Dévote, muuguzi wa nyumba ya pili, alinieleza nikiwa nimekumbatia ndoo. Kirusi hiki si kama cha surua, hubadilika. Askari wa mwili wamesimama barabarani wanamtafuta mtu wa shati jekundu. Anarudi kavaa la kijani, anawasalimu, anapita. Kichefuchefu kilinitoka kwa mshangao. Kitu kisichoonekana, kisicho na kichwa, na kina hila kunishinda. Subhanallah.

Mama akafunga mizigo ya Mwantum. Mwantum akaifungua. Alisema mume haachwi na ndoo. Mama akasema basi, wajinga wameoana, akaondoka pekupeku. Sijawahi kuugua kwa furaha namna hii.

Jumanne, 9 Machi
Nimepona. Mwantum hakuugua, ananawa kwa sabuni kutwa. Leo habari: mama mkwe anatapika. Nitakwenda mimi kumlisha uji kwa mkono wangu, anisamehe viatu. Dévote amenisihi nisiende. Simwelewi. Shati jekundu nimelijua, la kijani nimelijua. La tatu kirusi kitalipata wapi, na nguo zilivyo ghali?