Ombi la kuandikwa mupagani ili kanisa linifikie

Kwa Papa Pasta Siméon,
Kanisa letu la kando ya reli, Kalemie

Papa Pasta,

Nakusalimu katika jina la Bwana, mimi Mama Sonia, ule wa benchi ya tatu, upande wa dirisha. Unisamehe mwandiko, masomo yangu yaliishia mwaka wa ine, na kalamu hii ya biki inakatakata. Naomba kwa heshima yote jambo moja tu: munitoe katika kitabu cha wakristo, muniandike mupagani. Sababu njo hizi.

1. Komite ya Kufikia Muji, ile ya Papa Didier, ilichora karte, ramani ya mutaa wetu, kwa rangi. Kijani ni Waislamu. Nyekundu ni wenye kwenda kwa waganga. Njano ni wenye kupanda mulima kwa manabii. Nyeupe ni "wamekwisha fikiwa". Nyumba yangu ni nyeupe. Tangu Januari komite inapita mbele ya mulango wangu, wananipungia mukono, wanaenda kwa wapotevu. Wana haraka sana ya kupenda.

2. Jirani yangu Mama Zuena, mwenye kuuza ndagala, ni kijani. Yeye ametembelewa mara tatu, na waliuliza habari za mugongo wake. Mimi pia niko na mugongo, Papa Pasta. Nimeuinamisha miaka kumi na moja nikifagia kanisa, na hakuna aliyeuliza habari zake.

3. Papa Urbain, muganga wa mizizi, ni nyekundu. Kwake walikaa tangu asubui mupaka saa ya kula bukari. Waliombea hata mbuzi wake aliyekuwa anaharisha. Mbuzi alipona. Nashukuru kwa ajili ya mbuzi.

4. Mwezi uliopita binti yangu Sonia alilala hospitali siku kumi na mbili, tifoide. Siku zilezile kanisa lilifanya seminari: "Namna ya kuwafikia watu wa muji". Bafle za sauti mulizielekeza upande wa hospitali, basi tulisikia yote vizuri. Tulisikia kwamba watu wa muji wana kiu ya kupendwa. Sonia alikuwa na kiu ya maji, na ni Mama Zuena aliyeleta. Papa Urbain alileta unga wa uji. Akasema mizizi yake imebaki nyumbani, mutoto anywe dawa ya daktari. Hawa njo tunatoa sadaka ili tuwafikie. Wenyewe walikuwa wameisha fika, wamekaa kwenye kitanda.

5. Sonia alipaswa kubatizwa Pasaka. Sasa hataki. Nikimusemesha ananitania tu: "Mama, nibatizwe niingie rangi isiyotembelewa?" Hapa mimi sicheki, Papa Pasta. Mutoto wangu anapotea ndani ya nyumba iliyofikiwa.

Basi naomba nyekundu. Kama nyekundu imeisha, kijani. Ili Papa Didier asisumbuke rohoni kwa kuandika uongo, nilienda kuazima kibuyu cha dawa kwa Papa Urbain nitundike mulangoni. Alicheka mupaka akakaa chini, lakini alinipa. Juma ijayo nitapanda mulima, nipate na njano. Mutu wa rangi tatu labda anastahili ziara moja. Isipotosha, munijulishe komite inatafuta dhambi gani mwaka huu, nitaitenda kwa kiasi, isiwe tu Jumatano maana niko na soko.

Umusalimie Mama Pasta na watoto wote, wazee wa kanisa, waimbaji, na Papa Didier mwenyewe. Ananijua, huwa ananipungia.

Ni mimi mupagani wenu mutarajiwa, mwenye kuwapenda,
Mama Sonia (Célestine)

N.B. Papa Pasta, hii usiisome mbele ya komite. Nyeupe ile ni mimi niliyeiomba. Januari Papa Didier alibisha kwangu wa kwanza kabisa, akauliza kama humu ndani kuna mwenye mashaka. Nilijua Sonia ameisha acha kusali tangu Noeli. Nikaona haya, mimi mufagiaji wa kanisa. Nikajibu: "Hapa tumefikiwa wote, Papa, pita kwa wengine." Sonia alikuwa nyuma ya pazia, alisikia. Tangu siku ile ananitania vizuri, lakini la moyoni haniambii tena. Uje wewe, peke yako. Mimi nitaenda sokoni, niwaachie nyumba.